Mbwa Anachechemea, Amekakamaa au Hataki Kuguswa: Pa Kukanda na Pa Kuacha

Mbwa wa ulinzi haonyeshi maumivu upesi. Usiku atabweka, atakimbilia geti kila gari likipiga honi, halafu asubuhi anachukua muda kuinuka alipolala, na mwenye nyumba anasema uzee umeingia. Uzee peke yake haumfanyi mbwa achechemee. Nyuma yake kuna msuli, kiungo, ukucha au ugonjwa. Baadhi ya matatizo hayo mkono wa mtu unaweza kuyapunguza, mengine mkono hauna kazi nayo, na machache mkono unayazidisha.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza. Hakuna anayekuja kusema mbwa wake ana tatizo la nyonga. Wanasema "akiamka anaburuta miguu". Tafuta dalili inayofanana na unayoiona, ila sehemu ya kwanza usiiruke.

Kabla hujamgusa

Mbwa aliyekuwa mpole akawa mkali ghafla, au aliyekuwa mkali akapoa kupita kiasi, anayetokwa na udenda, taya limelegea, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, au miguu ya nyuma inaishiwa nguvu bila kuumia popote: huyo haguswi. Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania na Kenya, na ile aina yake ya kupooza hufanana sana na mbwa aliyeumia mgongo. Mfungie mahali peke yake, mpigie daktari wa mifugo. Kama ameshakung'ata, au mate yake yamegusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama chanjo yake ya kichaa imepitwa na wakati, anza na chanjo. Kukanda kutasubiri.

Akiwa hana dalili hizo, pima joto. Kipimajoto kinaingia njia ya haja kubwa, kimepakwa mafuta kidogo, na mbwa mzima husoma kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Pua kuwa kavu au ya moto si kipimo cha chochote. Kisha inua mdomo uangalie fizi: bonyeza kwa kidole, pale palipogeuka peupe panapaswa kurudia rangi yake ndani ya sekunde 2. Joto likiwa juu, au fizi zikiwa nyeupe au za njano, acha. Kumkanda mbwa mwenye homa hakumsaidii, na kuna ugonjwa mmoja wa kwetu ambao kukandwa kwa nguvu kunamvilisha damu chini ya ngozi. Nitaufikia.

Jambo la tatu, muulize anayemlisha. Kwenye nyumba nyingi bosi ndiye mwenye mbwa, lakini mlinzi wa usiku ndiye anayemjua. "Mzee, huyu akiguswa wapi hukasirika?" Swali hilo limeshaokoa vidole vingi. Ikiwezekana, mlinzi huyo ndiye awe karibu na kichwa cha mbwa wakati unakanda.

Akiamka amekakamaa, akitembea kidogo anachangamka

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwa mbwa aliyevuka miaka saba hivi. Kwa German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na Labrador inaweza kuanza mapema zaidi, kwa kuwa wengi wa jamii hizo hurithi nyonga zisizokaa vizuri: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, gegedu linasagika, na miaka inavyokwenda kiungo kinavimba na kukaza. Akikimbia, huirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja. Mapaja yanakonda huku mabega yakizidi kujaa. Ngazi anazitazama kwanza kabla ya kuzipanda.

Hapa wengi hukosea mahali pa kukanda. Wanaivamia nyonga kwa sababu nyonga ndiyo mbovu. Lakini mbwa mzima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele, na akiumwa nyuma husogeza uzito zaidi mbele. Tena mbwa hana mtulinga. Mguu wake wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa; umeshikiliwa na misuli mitupu. Misuli hiyo ndiyo inayofanya kazi ya ziada kila siku, na ndiyo utakayoikuta imekaza. Kwa hiyo mbwa mwenye nyonga mbovu, kazi yako kubwa iko mabegani, kwenye shina la shingo na pande mbili za uti wa mgongo. Nyuma unafanya kidogo tu, kwenye nyama za paja, si kwenye kiungo chenyewe.

Chagua wakati ametoka kujisaidia na hajala karibuni. Mtandikie godoro kuukuu au mkeka mnene, usimlaze juu ya marumaru. Mwache alale upande anaoutaka mwenyewe, nawe ukae nyuma ya mgongo wake badala ya mbele ya uso. Anza kwa kupapasa: kiganja wazi, kutoka kisogoni hadi shina la mkia, polepole, mkono mmoja usibanduke kabla mwingine haujashika. Fanya hivyo kama dakika 2. Hapa bado hukandi, unapima. Utafika mahali ngozi inarukaruka yenyewe chini ya vidole, au misuli inajikaza kama inakungoja, au utaona sikio linarudi nyuma na ulimi unalamba pua mara moja, haraka. Pakumbuke, lakini pita. Utaparudia mwili wote ukishalegea.

Kisha kanda. Nyuma ya mfupa wa bega kuna nyama nene inayoshuka mpaka kiwiko. Ishike kati ya kidole gumba na vidole vingine, iinue kidogo, iachie, sogea. Nguvu inayotosha ni ile unayobonyezea parachichi kujua kama limeiva. Mgongoni, weka ncha za vidole umbali wa vidole viwili kutoka kwenye pingili, uzungushe duara ndogo ukishuka upande mmoja kisha mwingine. Juu ya pingili zenyewe usibonyeze kamwe. Pajani, fuata nyama ya nyuma ya mguu, na kwenye miguu yote mikono ielekee juu, upande wa moyo, hasa kama kuna uvimbe. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mbwa mwenye nguvu, mara 2 au 3 kwa wiki. Kwa kizee dhaifu, dakika 5 kila siku ni bora kuliko nusu saa Jumapili.

Ikikubali, utajua. Anashusha pumzi ndefu, anameza mate, kope linashuka, na ule mguu wa nyuma aliokuwa ameukunja unanyooka wenyewe bila kuvutwa. Watu wengi wakiona hivyo huongeza nguvu, na hapo ndipo wanapoharibu. Bakia na nguvu ile ile.

Penye baridi, Limuru au Njombe mwezi wa saba, taulo lililochovywa kwenye maji ya moto likakamuliwa vizuri, ukalijaribu kwanza juu ya mkono wako, likae mabegani na mapajani dakika 10 kabla ya kuanza. Mombasa na Dar es Salaam taulo halihitajiki. Huko kanda alfajiri au baada ya magharibi, maana mbwa anayehema kwa joto hatulii.

Niseme wazi: kukanda hakurudishi gegedu lililosagika. Kunampunguzia mzigo wa misuli na kumfanya asogee kwa urahisi, na kusogea ndiko kunakolinda kiungo. Kinachobadilisha mambo zaidi ya mikono yako ni uzito. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuata Labrador 48 maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao miaka 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Ukipapasa mbavu za mbwa wako na usizisikie kwa urahisi, punguza ugali kabla hujatafuta mkandaji. Pili ni pa kulala. Saruji tupu usiku kucha inaondoa faida yote ya jioni.

Halafu dawa. Panadol, Brufen na diclofenac za watu usimpe. Diclofenac na ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol ikizidi inamdhuru ini. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama carprofen na meloxicam, na kipimo chake anatoa daktari kwa kilo za mbwa. Mafuta ya kuchulia ya watu, yale yenye harufu kali yanayowaka ngozini, nayo yaache. Mbwa atayalamba yote, na mengi yana dawa ya jamii ya aspirini ndani yake. Oili chafu ya gari, ambayo bado kuna watu wanampaka mbwa mwenye ukurutu, sina la kusema zaidi ya usithubutu. Kumkanda mbwa hakuhitaji mafuta ya aina yoyote, manyoya yanatosha.

Leo anachechemea mguu huu, kesho ule, na chakula hali vizuri

Maumivu yanayohama mguu hayatokani na kuteguka. Kwetu, shaka ya kwanza iwe kupe. Yule kupe wa kahawia anayeishi kwenye nyufa za banda na nyuma ya vigae hueneza ehrlichia, ugonjwa unaoleta homa, matezi kuvimba, uchovu, na wakati mwingine viungo kuuma kimoja baada ya kingine. Mbwa anaonekana amekakamaa mwili mzima na kila mtu anaona anahitaji kukandwa.

Huu ndio ule ugonjwa nilioutaja. Ehrlichia hushusha chembe za damu zinazogandisha damu. Ukimkanda kwa nguvu mbwa wa namna hiyo, anavilia chini ya ngozi. Geuza tumbo lake, sehemu isiyo na manyoya: ukiona vidoa vidogo vyekundu kama vya sindano, au mabaka ya zambarau, au pua imetoka damu bila kugongwa, ondoa mikono umpeleke akapimwe damu. Matibabu yapo na si ya ajabu, kwa kawaida ni doxycycline kwa wiki 4 hivi, na wengi hupona wakiwahiwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai au kahawa na fizi zimefifia, hiyo huenda ni babesia, nayo pia ya kupe, na haingoji kesho.

Baada ya kutibiwa na joto kushuka, kupapasa kwa kiganja wazi kunamfaa sana, hasa aliyelala siku nyingi bila kusimama. Kukanda kwa kushika nyama kungoje ruhusa ya daktari. Na puliza dawa kwenye banda pia. Kupe jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake ni kazi ya bure.

Mguu wa mbele unauma

Kwanza hakikisha ni upi, maana watu hutaja mguu usio. Mtazame akija kwako kwa mwendo wa mchakamchaka kwenye ardhi ngumu: kichwa kinapanda mguu mbovu unapokanyaga, na kinashuka mguu mzima unapokanyaga.

Kisha anzia chini. Nyingi ya shida za mguu wa mbele ziko kwenye nyayo, na bega lililokaza ni matokeo tu. Tenganisha vidole kimoja kimoja. Mwiba wa mgunga uliozama, kupe aliyejificha kati ya vidole, ukucha uliopasuka, funza. Ndiyo, mbwa hupata funza kama watu, na nyumba yenye mbwa mwenye funza watoto wake hawatakaa salama. Kucha ndefu nazo zina madhara kuliko zinavyodhaniwa: mbwa wa kufungwa hatembei kwenye lami au changarawe vya kutosha kuzisaga, zinamsukuma vidole nyuma, na mkono mzima unajikaza mpaka begani. Ukisikia anagonga sakafu tik-tik akitembea, kata kucha, kidogo kidogo, kabla ya masaji.

Uvimbe laini wenye maji kwenye ncha ya kiwiko, usiouma, ni wa kulala juu ya saruji. Usiukande na usiutoboe. Ukitoboa unakaribisha usaha. Mpe godoro, funika sakafu, mara nyingi unapungua wenyewe. Uvimbe mgumu, wa moto au unaouma, karibu na kifundo cha mguu wa mbele au juu karibu na bega, kwa mbwa mkubwa aliyevuka umri wa kati, ni habari nyingine kabisa. Unaweza kuwa saratani ya mfupa. Hapo mkono usiguse, apigwe picha.

Kama nyayo ni safi, hakuna uvimbe, na mbwa anafungwa kwa mnyororo mfupi, tazama shingo. Mbwa anayerukia watu hadi mnyororo umdake shingoni, usiku mzima, hukaza misuli kuanzia nyuma ya masikio mpaka katikati ya mabega. Kanda pande za shingo kwa ncha za vidole, ukikaa mbali na koo kwa chini. Halafu badilisha mnyororo: waya mrefu wa kutelezea, au mikanda ya kifua, au bora zaidi afungiwe mchana na aachiwe usiku ndani ya ua. Bila hilo utakuwa unakanda shingo ile ile kila wiki.

Ghafla hakanyagii mguu wa nyuma

Alikuwa anakimbia, akalia, sasa ameuinua. Ikiwa ni mbwa mkubwa, na siku zinazofuata anagusisha vidole tu chini, na akikaa mguu ule anautupa pembeni badala ya kuukunja, shuku ligamenti ya ndani ya goti imekatika. Haiungi kwa kukandwa. Usiuvute mguu wala kuuzungusha "kuurudisha". Kwa siku 2 au 3 za mwanzo tumia baridi: barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku, na asiruke wala kukimbia. Daktari aamue kama ni upasuaji au mapumziko marefu. Wakati huo unachoweza kukanda ni mguu wa pili na mabega, ambavyo vimebebeshwa kazi yote. Si ajabu goti la pili nalo kukatika baadaye, kwa hiyo huo mguu mzima usiusahau.

Mbwa mdogo anayerukaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu, huyo kifuniko cha goti kinachomoka na kurudi. Kukanda nyama za mbele za paja humtuliza. Hakuzuii kifuniko kuchomoka.

Ipo pia misuli ya ndani, kwenye kinena, inayovutika kwa mbwa anayeruka kuta. Mguu ukivutwa nyuma taratibu, anashtuka. Hiyo usiichimbe kwa vidole. Ni ndani sana, na jirani yake kuna mishipa mikubwa ya damu. Mapumziko, na mkunjuo wa upole alioonyeshwa mwenye mbwa na mtaalamu.

Amepinda mgongo, analia akibebwa

Acha kukanda. Mbwa mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, Dachshund na machotara wake, anaweza kuwa na kibanzi (diski, ule mto laini kati ya pingili) kilichotoka mahali pake na kugandamiza uti. Mgongo utaukuta umekaza kama ubao, na kila kitu kitakuambia uukande. Ile misuli imejikaza kwa makusudi, inashikilia pingili zisisogee. Ukiilegeza, umeondoa nguzo.

Afungiwe mahali padogo asiruke, abebwe kwa mikono miwili mgongo ukiwa umenyooka, aonwe na daktari siku hiyo. Akishindwa kusimama, au mkojo unamtoka bila kujua, au ukimminya kidole cha mguu hageuzi hata kichwa, hizo ni saa za kuhesabu. Nafasi ya upasuaji kumsaidia inapungua haraka. Kwa walio na maumivu tu na wanaotembea, kupumzishwa kizuizini wiki 4 hivi ndiyo tiba ya msingi, na mkandaji anaingia baadaye, akiitwa na daktari.

Kucha za nyuma zinakwaruza sakafu, lakini halii popote

German Shepherd wa miaka minane kwenda juu, sehemu ya nyuma inayumba, kucha za kati zimelika kwa juu, na ukimbonyeza kila mahali hana habari. Jaribu hivi: akiwa amesimama, umemtegemeza tumboni, geuza unyayo wa nyuma ili mgongo wa vidole ukanyage chini. Mbwa mzima anaurudisha papo hapo. Huyu anauacha, au anachelewa.

Hiyo ni dalili ya neva, si ya misuli. Katika German Shepherd kuna ugonjwa wa kurithi wa uti wa mgongo unaokwenda polepole, usiouma na usio na tiba. Hapa naona kukanda kuna nafasi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sharti usitarajie apone. Mwili wa mbele unachoka kwa kumburuta wa nyuma, na unyayo usiopata habari unahitaji kuguswa. Papasa mgongo na mabega, sugua nyayo za nyuma kwa kidole gumba, mkunjie na kumkunjulia kila kiungo taratibu mara kadhaa, kisha mtembeze kidogo kila siku kwenye nyasi ukimshikilia kwa kitambaa kilichopita chini ya tumbo. Sakafu za kuteleza zifunikwe mikeka. Daktari ahakikishe kwanza si kibanzi cha mgongo, maana dalili zinakaribiana na huyo wa kibanzi anaweza kusaidiwa.

Mtoto wa mbwa ana matege na hataki kucheza

Mtoto wa jamii kubwa aliyekuzwa kwa ugali mtupu, au kwa nyama tupu bila mfupa wala madini, mifupa yake inakosa chokaa. Inajipinda, inauma, inaweza kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Kukanda hapa ni hatari. Shida iko kwenye sahani: daktari apange chakula cha mbwa anayekua, na usianze kummwagia vidonge vya kalsiamu kwa kukisia, kwani kwa watoto wa jamii kubwa nayo ikizidi inaharibu mifupa.

Ametoka kwenye upasuaji au amegongwa na bodaboda

Baada ya daktari kumaliza kazi yake, mwili uliobaki unahitaji wewe. Siku za mwanzo kaa mbali na kidonda. Kanda mabega, shingo, mguu usioumia, ukiwa mwepesi, dakika chache. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku 10 na 14. Baada ya hapo, kovu likiwa kavu na daktari ameridhika, weka vidole viwili kando ya kovu uisogeze ngozi huku na huku kidogo, isishikamane na nyama iliyo chini. Ukiona unyevu, harufu au joto, simama. Hata Uingereza, ambako wakandaji wa mbwa wana mafunzo na vyama vyao, kazi hii hufanywa kwa maelekezo ya daktari aliyemwona mbwa. Kwa mbwa aliyewekwa vyuma mfupani, sioni kwa nini sisi tufanye tofauti.

Shida ikiwa kwenye kukanda kwenyewe

Anainuka na kuondoka. Mwache. Mara nyingi umeanza na kichwa au nyayo, sehemu ambazo mbwa wengi hawapendi kushikwa na mgeni. Rudi kesho, anzia begani, maliza kabla hajachoka. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayelamba midomo, anayeonyesha weupe wa jicho au aliyeganda bila kupumua sawasawa, ameshasema hapana. Kunguruma kunafuata, na baada ya kunguruma ni meno. Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Akijifunza kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila kukuonya.

Siku ya pili amekuwa mbaya zaidi. Umetumia nguvu nyingi au umekaa muda mrefu. Pumzika siku 2, rudi kwa nusu ya muda, kupapasa tu. Ikijirudia hata kwa mkono mwepesi, hukuwa unakanda msuli uliochoka, kuna kitu kingine.

Hutaki kumshika kwa mkono mtupu. Pwani nyumba nyingi zina mbwa wa ulinzi ambaye hakuna wa nyumbani anayemgusa, na sababu zao zinaeleweka. Glavu ya kitambaa kinene inatosha kupapasa mgongo na mabega. Usikande kwa kushika nyama ukiwa na glavu, kwa sababu hutahisi joto wala kivimbe.

Amepata kinundu ambacho hakikuwepo. Usikisugue ili kiyeyuke. Weka alama mahali kilipo na ukubwa wake, daktari akichome sindano akipime.

Analegea vizuri, analala, lakini mwendo haubadiliki. Pima, usikisie. Funga utepe wa fundi kuzunguka paja, mahali pale pale kila mara, uandike. Paja linaloendelea kupungua baada ya wiki 3 au 4 za kumkanda na kumtembeza linaeleza kwamba mguu bado hautumiki, na sababu haijaguswa. Hapo inahitajika picha ya eksirei. Hospitali za vyuo, ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ni pa kuuliza kama kliniki ya karibu haina mashine. Ukienda, nenda na video. Mbwa akiingia kliniki, kwa woga husahau kuchechemea kabisa. Mrekodi nusu dakika nyumbani akiamka asubuhi, nusu dakika akitembea kwenda na kurudi, mara moja kwa pembeni na mara moja kwa nyuma, bila kumwita jina.